EMU Ni Treni Gani? Rieng Yote ya Treni ya Stima, na Kwa Nini Msee wa Ruiru na Thika Anafaa Kujali

Saa kumi na moja na nusu asubuhi, steji ya Ruiru. Usiku mvua ilinyesha, kwa hivyo konda wa 145 amepandisha. Jana Tao ilikuwa soo, leo ni soo na finje, na hataki maswali. Unapanda juu huna form ingine. Mkifika Roysambu mat inasimama, na hapo mtakaa hadi ujue stori yote ya maisha ya jirani yako wa kiti.

Nimeishi Ruiru miaka sita, kwa hivyo hii si stori ya kuambiwa. Niliacha chuo semesta ya tatu. Sababu zilikuwa kadhaa, lakini nauli ya kwenda na kurudi kila siku ilikuwa kwa hiyo orodha, tena juu juu. Ndio maana kila mtu akianza kubonga kuhusu treni, mimi huskiza.

Sasa kuna hizi herufi tatu zimekuwa zikizunguka mtandaoni tangu majirani wetu wa Tanzania waanze kupost video za treni yenye pua kali: EMU. Wengi wanaziandika kwa comments bila kujua ni nini. Leo tunamaliza hiyo stori.

Kwa ufupi

- EMU ni kifupi cha Electric Multiple Unit, treni ya abiria inayotumia stima, na mota zake ziko chini ya mabehewa yenyewe.
- Haina kile kichwa cha kuvuta. Dereva anakaa kwa chumba kidogo mbele, na kuna chumba kama hicho nyuma.
- EMU ya safari ndefu iliyo karibu nasi iko Tanzania, kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Watu wameibatiza Mchongoko.
- Seti moja ya Mchongoko iko na mabehewa 8, inabeba abiria 589, na inafika kilomita 160 kwa saa.
- Kenya bado hatuna hata moja.

EMU ni nini hasa?

Tuseme mat imekwama kwa matope pale ndani ya mtaa. Kuna njia mbili za kuitoa. Ya kwanza, unaita trakta ije kuivuta. Ya pili, abiria wote wanashuka na kila mtu anasukuma mahali amesimama.

Treni ya kawaida ni ile njia ya trakta. Kuna kichwa kimoja kizito mbele chenye nguvu zote, na mabehewa nyuma yanafuata tu kama mzigo. EMU ni ile njia ya abiria wote. Mota ndogo ndogo zimefungwa chini ya mabehewa mengi, kila moja inazungusha magurudumu yake, na zote zinatii dereva mmoja kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo jina linatoka. Ni vipande vingi vinavyofanya kazi kama kitu kimoja. Ukitaka treni ndefu zaidi saa ya watu wengi, unaunganisha seti mbili na dereva mmoja anaendesha zote. Saa nne asubuhi watu wakipungua, unazitenganisha na moja inaenda kupumzika.

Kuna kaka yake anaitwa DMU. Huyo ni mpango ule ule wa kutokuwa na kichwa, lakini anatumia dizeli badala ya stima. Mkumbuke vizuri, tutarudi kwake.

Inafanyaje kazi?

Juu ya reli kunapita waya wa stima. Juu ya paa la treni kuna mkono wa chuma unaoitwa pantografu, ambao unainuka na kusugua huo waya treni ikienda. Stima inaingia kupitia hapo. Kwa reli nyingi mpya, pamoja na ile ya Tanzania, waya unabeba volti 25,000. Linganisha na soketi ya keja yako, ambayo ni 240.

Volti 25,000 ni nyingi sana kwa mota, kwa hivyo ndani ya treni kuna transfoma ya kuishusha. Halafu kuna mitambo ya elektroniki inayopimia mota stima kidogo kidogo, ndio treni iondoke polepole bila kurusha watu. Baada ya hapo stima inarudi kupitia magurudumu na reli, na mzunguko unakamilika.

Sehemu tamu iko kwa breki. Treni ikitaka kusimama, zile mota zinageuzwa kuwa jenereta. Badala ya mwendo kupotea kama joto kwa breki, unageuka kuwa stima inayorudi kwa waya, na treni ingine iliyo karibu inaweza kuitumia.

Na hii nayo haitajwi sana. Treni ya dizeli ya hapa kwetu, ile unaskia ikinguruma ikipita Ruiru, pia inasukumwa na mota za stima. Injini ya dizeli kazi yake ni kuzungusha jenereta, na jenereta ndiyo inalisha mota za magurudumu. Yaani kile kichwa ni kituo cha stima kinachotembea, na kinabeba mafuta yake na uzito wake wote kila mahali kinaenda. EMU imewacha hicho kituo nyumbani. Kwa Kenya, nyumbani ni mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa Turkana.

Ilitoka wapi?

Treni ya stima si kitu ya juzi. Werner von Siemens alionyesha moja Berlin mwaka wa 1879, ndogo sana, ya kuzungusha wageni kwa maonyesho. Lakini aliyefungua njia ya EMU ni Mmarekani anaitwa Frank Sprague. Huyu alikuwa amefanya kazi ya lifti za majumba marefu, na akajiuliza: kama mota nyingi za lifti zinaweza kuongozwa kutoka mahali pamoja, mbona isiwe treni? Mwaka wa 1897 alijaribu hiyo idea kwa reli ya juu kwa juu ya mji wa Chicago, na ikashika.

Kwa miaka mingi EMU ilionekana ni treni ya mjini tu, ya safari fupi. Japani ndio walibadilisha hiyo fikra mwaka wa 1964 walipozindua Shinkansen kati ya Tokyo na Osaka, ikienda kilomita 210 kwa saa. Ile ilikuwa EMU. Kutoka hapo dunia ikaelewa kwamba treni ya aina hii inaweza pia kuunganisha mji na mji.

Mchongoko: EMU ya jirani

Tanzania walianza kubeba abiria kwa SGR yao ya stima mwaka wa 2024, kwanza Dar hadi Morogoro mwezi wa sita, halafu hadi Dodoma mwezi wa saba. Mwanzoni zilikuwa treni za kichwa cha stima kinachovuta mabehewa. EMU zenyewe zilianza kubeba watu mwezi wa kumi na moja mwaka huo huo. Zimetengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, na shirika la reli la Tanzania, TRC, liliagiza seti 10.

Jina Mchongoko limetokana na pua yake iliyochongwa ikawa kali. Watanzania wenyewe ndio waliibandika, na ikashika kuliko jina lolote la kwa karatasi.

Safari ya Dar hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 440. Kwa basi, hiyo ni siku yako imeisha. Kwa treni ya stima ni chini ya masaa manne. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa 2024 na LATRA, wale wanasimamia usafiri huko, ilikuwa shilingi 31,000 za Tanzania. Kwa pesa yetu ya wakati huo hiyo ni kama shilingi 1,500.

Usidhani kila kitu kilikuwa laini. Huo mwaka wa 2024 treni moja ya stima ilikwama njiani, na TRC wakasema shida ya umeme ililetwa na ngedere na bundi. Mtandao ulicheka wiki nzima. Lakini ni kitu ya kweli: mnyama akigusa mahali hafai, stima inakatika na treni inasimama. Waya wa kilomita mia kadhaa porini unataka kuchungwa kama mtoto.

Linganisha na yetu. Madaraka Express ilianza 2017, inaenda Nairobi hadi Mombasa, kilomita 472. Ni ya dizeli, na mwendo wake wa juu ni kilomita 120 kwa saa. Tulianza mapema, jirani akaanza nyuma yetu na akatupita na waya juu.

Na sisi wa laini ya Thika je?

Reli ilifika Thika mwaka wa 1913. Ndio, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye ikasukumwa hadi Nanyuki. Upana wake ni mita moja kamili, ile ndogo, tofauti na SGR ambayo ni milimita 1,435. Ukitoka Tao inapita Makadara, Dandora, Mwiki, Githurai, Kahawa, Ruiru, halafu Thika. Hebu angalia hayo majina tena. Hapo ndipo wasee wanaishi.

Lakini treni yenyewe ni ya asubuhi na jioni. Ukiikosa, rudi steji.

Sasa tumrudie yule kaka, DMU. Mwaka wa 2020 Kenya ilileta DMU 11 zilizotumika kutoka Mallorca, kisiwa cha Hispania, na mwezi wa kumi na moja Uhuru Kenyatta akazindua upya treni za mji wa Nairobi. Watu walibishana kama ni mpya ama ni mitumba. Swali lililofaa kuulizwa lilikuwa lingine: mbona Mallorca walikuwa wanaziuza?

Jibu ni kwamba walikuwa wameweka waya wa stima juu ya reli zao, wakanunua EMU, na zile za dizeli zikakosa kazi. Na cha kushangaza, reli ya Mallorca ni ya upana wa mita moja. Sawa kabisa na hii yetu ya Thika. Ndio maana zile DMU zilishuka meli na kuingia kwa reli zetu bila kubadilishwa magurudumu.

Kwa hivyo siku ingine msee akikuambia treni ya stima haiwezi kupita kwa reli ya mkoloni juu ni nyembamba, mwambie kuhusu Mallorca. Sisi tunapanda treni zilizowachwa na watu waliohamia EMU kwa upana ule ule.

Kwa nini laini ya Thika inafaa EMU?

Sababu ya kwanza ni vituo vingi. Treni ya kichwa inachukua muda kushika mwendo, na ikishashika tayari kituo kingine kimefika. EMU inasukuma kwa magurudumu mengi kwa pamoja, kwa hivyo inaondoka haraka na kusimama haraka. Vituo vikiwa karibu karibu, hapo ndipo inashinda sana.

Ya pili ni kugeuka. Ikifika Thika, dereva anatoka chumba cha mbele, anatembea hadi cha nyuma, na safari inaanza tena. Hakuna kichwa cha kuzungushwa.

Ya tatu ni hesabu ya watu. Seti moja ya abiria 589, kama ile ya Tanzania, ni sawa na mat 42 za watu 14. Ukipenda zile za 33, ni kama 18. Toa hizo zote kwa Thika Road saa moja asubuhi, halafu uniambie Roysambu itakaaje.

Ya nne ni muda. Thika hadi Tao ni karibu kilomita 45. Usiote kilomita 160 kwa saa hapa, na vituo vyote hivi. Lakini treni yenye wastani wa kilomita 60 kwa saa, pamoja na kusimama, ingemaliza hiyo safari kwa dakika 45. Na zingekuwa dakika 45 mvua ikinyesha ama isiponyesha.

Mfano uko Afrika Kusini. Gautrain ni EMU inayounganisha Johannesburg na Pretoria, miji miwili iliyo karibu kama Nairobi na Thika. Ilianza 2010, inafika kilomita 160 kwa saa, na mfumo mzima ni kama kilomita 80 na vituo 10.

Mbona basi tusinunue tu?

Hapa ndipo stori nyingi za mtandaoni huishia, na hapa ndipo ukweli uko. Treni ndiyo kitu rahisi kwa hii rieng. Ngumu ni kila kitu kilicho chini yake na juu yake.

Reli ya Thika ni moja. Treni mbili haziwezi kupishana isipokuwa kwa stesheni yenye njia ya pembeni. Unaweza kuleta EMU kali kuliko zote duniani, na bado itangoja ingine ipite. Bila reli ya pili, ama sehemu nyingi za kupishana na signo za kisasa, utakuwa umenunua Subaru ya kupeleka kwa foleni.

Pia kuna mahali barabara na reli zinakatana. Kila treni ikipita, magari yanasimama. Treni chache kwa siku, hiyo si noma. Treni kila dakika 15, Ruiru nzima inafungika. Lazima kujengwe madaraja.

Halafu kuna soko. Ukienda Githurai unajua vile watu wanauza nyanya hadi kwa reli. Treni ikipiga honi wanavuta gunia, ikipita wanarudisha. Weka waya wa volti 25,000 juu ya hapo, na treni zinazopita kila saa, na hao wamama hawawezi kukaa hapo tena. Watapelekwa wapi? Mpango wowote wa EMU ambao haujibu hilo swali utaanza na tingatinga za kubomoa, na tunajua hiyo sinema inaishaje.

Mwisho kuna wizi. Afrika Kusini, wakati wa kufungiwa kwa korona mwaka wa 2020, watu walikata na kuiba nyaya za treni za mjini hadi laini zingine zikafa kabisa. Hapa kwetu transfoma za mtaa hufunguliwa usiku juu ya mafuta na kopa. Waya wa treni ni kopa inayoning'inia hadharani kilomita 45.

Usalama: soma hii hata kama umeruka zingine

Waya wa treni ya stima hauhitaji kuguswa ndio ukuue. Ukiukaribia sana, stima inaweza kuruka hewani ikufikie. Kwa hivyo ile tabia ya kudandia paa ya treni, ambayo kwa dizeli ni hatari ya kuanguka, kwa treni ya stima ni kifo hapo hapo. Usirushe kitu juu ya waya, usipite chini yake na fimbo ndefu ya chuma, na kama umesafiri hadi Dar usijaribu kupanda juu ya behewa ukitafuta picha. Hakuna like ya thamani hiyo.

Maswali mnauliza sana

Stima ikipotea je?
Treni inasimama. Betri zinashikilia taa na milango, lakini haziisongeshi. Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote iliingia giza, na siku kama hiyo EMU zingelala njiani. Ndio maana reli za stima hulishwa kutoka kwa nyaya kubwa za gridi, na kwa vituo kadhaa, ndio hitilafu ya mtaa mmoja isizime laini nzima.

Ni kimya kama zile basi za stima?
Ni kimya kuliko dizeli, na hakuna moshi pale unapopanda. Utaskia magurudumu na mlio wa mota ikiondoka.

Nauli itakuwa chini?
Si lazima. Stima inaweza kuwa nafuu kuliko dizeli, lakini waya, madaraja na reli ya pili ni deni la kulipwa na mtu. Nauli huamuliwa na serikali inataka kubeba sehemu gani ya hilo deni. Kitu EMU inaweza kukupa kwa uhakika ni bei isiyobadilika juu ya mvua.

Kwa hivyo?

Superhighway yetu ilizinduliwa 2012. Watu wa Ruiru na Thika waliambiwa jam imeisha, na kwa muda ikaisha kweli. Halafu keja zikajengwa, magari yakajaa, na tukarudi pale pale, lakini kwa leni nyingi zaidi.

Reli ilikuwa hapa karibu miaka mia moja kabla ya hiyo barabara, na njia yake bado iko. Kwa hivyo mwanasiasa akija msimu wa kura na picha ya treni yenye pua kali, usimuulize itakuwa rangi gani. Muulize reli ya pili inajengwa lini, wamama wa Githurai wanahamishiwa wapi, na treni itapita mara ngapi kwa saa. Akiwa na jibu la hizo tatu, mskize. Akikosa, hiyo ni picha tu, na wewe kesho saa kumi na moja na nusu bado uko steji na soo na finje mkononi.